Tunachagua Mabega

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo zangu habari za asubuhi. Ndugu Afisa Michezo, walimu wenzangu, na ninyi makocha wa mitaani mliokuja kwa nauli zenu wenyewe, ahsanteni. Nimepewa nusu saa nizungumzie vipaji. Neno hilo nitalikwepa kadiri niwezavyo, kwa sababu nimegundua kila anayelitamka uwanjani macho yake huwa kwa mtoto mrefu.

Nianze na dakika ya 88.

Tarehe 21 Januari 2024, San-Pédro, Ivory Coast, Taifa Stars na Zambia. Simon Msuva ametufungia mapema, dakika ya 11. Kabla ya mapumziko Zambia wanaoneshwa kadi nyekundu, wanabaki 10. Kipindi cha pili chote tuna bao mkononi na mtu wa ziada uwanjani. Tangu tulipokwenda Lagos mwaka 1980 hatukuwa tumeshinda hata mechi moja ya fainali za Mataifa ya Afrika, na siku ile ushindi ulishapakuliwa, uko mezani chini ya kawa. Ikaja kona. Akapiga Clatous Chama, Mzambia ambaye nusu yenu humu mlikuwa mnamshangilia akiwa na jezi ya Simba. Patson Daka akaruka, kichwa, nyavuni. Moja moja.

Nilikuwa naangalia kwenye kibanda umiza, na mzee mmoja pembeni yangu akasema, "Vijana hawana pumzi." Nikabishana naye mpaka wakatuambia tutoke nje. Pumzi walikuwa nayo. Walikimbia mpaka filimbi ya mwisho, na kwa jicho langu hapo ndipo penye kasoro: walikimbia mno. Ukiwa 11 dhidi ya 10 na unaongoza, anayetakiwa kukimbia ni mpira, na anayetakiwa kuchoka ni yule aliyepungukiwa mtu. Unaupeleka kushoto, unaurudisha nyuma, unaupeleka kulia, mpaka mpinzani anakata tamaa ya kuufuata. Sisi tukiupata tulikuwa tunaupiga mbele, wao wanaurudisha, tunaupiga tena. Ukimrudishia mtu mpira mara nyingi kiasi hicho, mwishowe atakuletea kona.

Kujua wakati wa kuutuliza mchezo na wakati wa kuuchochea hakufundishwi mtu akiwa na miaka 27, keshaitwa timu ya taifa, yuko kambini siku 10. Kocha wa Stars anapokea tulichompikia sisi. Kwa hiyo mzee wangu wa kibandani alikuwa anawalaumu vijana, na mimi nilikuwa najilaumu mwenyewe kimoyomoyo. Nitawaambia kwa nini.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa mwalimu kijana hapa Morogoro, nilipewa kazi ya kuteua timu ya watoto. Ikabaki nafasi moja ya kiungo, na wawili wanaoigombea. Wa kwanza alikuwa na kifua, na ndevu zimeshaanza kuchungulia. Akipiga mpira unasikia kishindo. Wa pili jezi ilimfika magotini. Akikimbia ilikuwa kama kanzu imeona moto. Lakini nilimwona akifanya kitu ambacho sikumfundisha. Kabla mpira haujamfikia, alikuwa anageuza shingo: kushoto, kulia, nyuma, halafu ndipo anaupokea. Ukimfikia tayari anajua unakwenda wapi. Niliona. Nataka mjue kwamba niliona, sikuwa kipofu. Kisha nikamchagua mwenye kifua, na kwenye karatasi mbele ya jina la yule mdogo nikaandika maneno mawili: "Mwili bado."

Tukachukua kombe. Mwalimu mkuu akanipigia makofi mbele ya wazazi.

Baada ya miaka miwili mitatu wenzake yule mwenye kifua wakamfikia kimo, wengine wakampita. Mabega aliyokuwa akisukumia watu yakawa mabega ya kawaida. Na kwa kuwa tangu utotoni hakuwahi kuhitaji kufikiri, alikuwa anapita tu, siku njia ilipozibwa hakuwa na njia nyingine. Leo anaendesha bodaboda Kihonda. Akiniona anapiga honi, "Kochaaa!" Hana kinyongo, na hilo linaniuma zaidi.

Yule mdogo sikumwona kwa muda mrefu. Mwaka mmoja nikahitaji milango, nikaletewa fundi seremala. Akainama kupima kizingiti, akaandika vipimo vyake, akasimama ili tupatane bei. Nikajikuta nainua uso kumtazama. Ananizidi kimo kwa kichwa kizima. Tulitambuana hapohapo, na hakuna aliyetaja mpira. Mwili ulikuja, ndugu zangu. Ulikuja wenyewe, bila kocha, kwa ugali na maharage. Kile kingine, ile shingo inayogeuka, ndicho kilichohitaji mwalimu, na mwalimu alikuwa mimi.

Sasa twende kwenye elimu kidogo, nitaikimbiza.

Mvulana hurefuka kwa kasi kubwa zaidi karibu na miaka 13 au 14, lakini huo ni wastani. Mwingine huanza akiwa na 11, mwingine 15. Kwa hiyo darasa moja la wenye miaka 13 linaweza kuwa na mwili wa mtoto wa miaka 11 na mwili wa kijana wa 15, na vyeti vyao vya kuzaliwa vyote ni vya kweli. Ukiwapambanisha kwenye uwanja mkubwa na mpira namba 5, ule wa wakubwa, jibu unalijua kabla ya kupuliza filimbi.

Halafu kuna miezi. Mashindano ya vijana duniani huhesabu umri kuanzia Januari mosi. Aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba wa mwaka huohuo wanaandikwa umri mmoja, ingawa mmoja ameonja karibu mwaka mzima wa uji zaidi ya mwenzake. Ukiwa na miaka 30 mwaka mmoja si kitu. Ukiwa na 12 ni sehemu moja ya kumi na mbili ya maisha yako yote. Wabelgiji waliwahi kutupa ushahidi mzuri bila kukusudia. Zamani walihesabu umri kuanzia Agosti, na timu zao za vijana zikajaa waliozaliwa Agosti na Septemba. Mwaka 1997 wakahamia Januari, na watoto wa Januari na Februari wakaanza kuchukua nafasi hizo. Mungu hakuhamisha vipaji kutoka Agosti kwenda Januari. Kilichohama ni mstari kwenye karatasi.

Niliposikia habari hiyo nilikwenda kufungua madaftari yangu ya zamani. Sitawatajia hesabu, maana vyeti vyetu mnavijua, kuna watu wanazaliwa Januari mosi kwa sababu ndiyo siku karani aliyoikumbuka. Ila watoto wa Oktoba, Novemba na Desemba niliwatafuta kama mtu anayetafuta sindano ghalani.

Hapo mnaniruhusu nimtaje Mbwana Samatta. Aliondoka Simba akaenda TP Mazembe, akatwaa Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2015, akaenda Genk, akawa bingwa wa Ubelgiji mwaka 2019. Novemba mwaka huo akafunga kwa kichwa pale Anfield, nyumbani kwa Liverpool, kutokana na kona. Tafuteni siku yake ya kuzaliwa: tarehe 23 Desemba 1992. Zikiwa zimebaki siku nane mwaka uishe! Sijui humu ndani tuna akina Samatta wangapi tuliowarudisha nyumbani na nauli ya daladala.

Ubelgiji yenyewe ina kisa. Mwaka 2000 waliandaa Euro pamoja na Uholanzi, wakatolewa hatua ya makundi mbele ya watu wao. Mkurugenzi wao wa ufundi, Michel Sablon, hakufukuza watu wala hakutafuta wachezaji wa kubadilisha uraia. Aliomba Chuo Kikuu cha Leuven kichunguze mechi za watoto, wakarekodi zipatazo 1,500. Walichokuta mngekikuta kwenye kiwanja chochote cha hapa: kila mtu anataka kushinda Jumamosi hiyo, na kuna watoto ambao mechi inaisha wameugusa mpira mara chache mno. Wakapunguza viwanja. Wadogo kabisa wakacheza wawili kwa wawili, kisha watano kwa watano, kisha wanane kwa wanane. Msimamo wa ligi kwa watoto wa miaka saba na nane wakaufuta, hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Na wakaanzisha timu za pili za taifa za vijana, kwa ajili ya wale tu ambao miili yao imechelewa. Hebu tulieni hapo. Timu ya taifa kwa ajili ya "mwili bado"! Novemba 2015 walikuwa wa kwanza duniani kwenye orodha ya FIFA, na mwaka 2018 wakawa wa tatu kwenye Kombe la Dunia.

Kombe hilohilo la 2018, mchezaji bora alikuwa Luka Modrić, aliyekataliwa na Hajduk Split, klabu ya kwao Croatia, utotoni kwa sababu ni mdogo na dhaifu. Ubingwa ukaenda Ufaransa, na kwenye kikosi chao yumo Antoine Griezmann, ambaye vituo kadhaa vya soka vya Ufaransa vilimkataa kwa kimo mpaka akaenda kukulia Hispania. Kwa hiyo kosa hili si la Morogoro peke yake. Tofauti ni kwamba huko aliyekataliwa mlango mmoja ana milango mingine kumi ya kugonga. Wa kwetu akikataliwa na wewe mwalimu, basi anakwenda kujifunza useremala.

Naona mkono. Ndiyo, mwalimu, nimekusikia: "Kwa hiyo tuchague vibeti?" Hapana, na nafurahi umeuliza.

Mpira wa leo ni wa mbio, asiyekimbia hachezi. Beki wa kati mfupi na mzito ni msiba, sitakudanganya. Mwili unahesabika, tena sana, kwa mtu mzima. Ubishi wangu ni wa umri gani tunauhesabu, na tunapouhesabu tunaacha nini. Nigeria wamechukua Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 mara 5: 1985, 1993, 2007, 2013 na 2015. Ghana wamelichukua mara 2, 1991 na 1995. Hakuna bara lingine ambalo nchi yake moja inafikia Nigeria hapo. Lakini kwenye Kombe la Dunia la wakubwa, Nigeria hawajawahi kuvuka hatua ya 16 bora. Sababu ni nyingi, fedha zimo, uongozi umo. Hata hivyo ukinikalisha chini nitakuambia na hii: mwenye miaka 16 anayemshinda mwenzake kwa mwili anatumia mtaji ambao mwenzake ataupata bure baada ya miaka mitatu. Nchi ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia ilikuwa Morocco, mwaka 2022, na ndani ya kikosi kile walikuwemo vijana wa kituo cha Mohammed VI pale Salé. Mmoja wao, Azzedine Ounahi, ni mwembamba hadi ukimwona unataka umwite mezani ale. Aliwazungusha viungo wa Hispania siku Morocco ilipowatoa mpaka kocha wa Hispania mwenyewe akamsifia.

Na kwa sababu tunapenda kusema sisi tatizo letu ni lishe, tukumbuke Aprili 2019, fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17, hapahapa nyumbani, Dar es Salaam. Mechi ya ufunguzi tulifungwa na Nigeria 5-4. Kuwafunga Nigeria mabao 4 si kazi ya miguu yenye njaa. Tukaenda kwa Uganda, wakatufunga 3-0. Tukamalizia na Angola, nao wakatufunga 4-2. Mechi tatu, tumefunga 6, tumefungwa 12. Timu inayoweza kufunga hivyo na kufungwa hivyo ina kasi na ina moyo. Kinachovuja ni mpangilio: nani abaki nyuma sisi tukishambulia, nani amfuate nani mpira ukipotea, nani aseme "tulieni".

Dada zao wakatuonesha zaidi. Oktoba 2022 Serengeti Girls, timu yetu ya wasichana chini ya miaka 17, walikwenda India, timu ya kwanza ya soka ya Tanzania kucheza Kombe la Dunia. Mechi ya kwanza Japan wakatufunga 4-0. Niliwaangalia wale mabinti wa Kijapani kutoka kichwani hadi miguuni, sikuona walichotuzidi kwa mwili. Pasi ikitoka, watatu tayari wameshahama. Halafu, na hili tusilisahau, wasichana wetu hawakukata tamaa. Wakaifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare na Canada, wakaingia robo fainali. Wasichana wa kocha Bakari Shime walikaa kwenye nafasi zao kuliko timu nyingi za wakubwa ninazozilipia kiingilio.

Sasa nigombane na upande wa pili, maana nawaona makocha wa mitaani mnatabasamu mkidhani leo nawasifia ninyi. Chenga nayo siyo akili ya mpira. Mtoto anayepiga danadana mia mbili anastahili kupigiwa makofi, ila hajaniambia chochote. Tobo, kanzu, kisigino, vyote vitamu, na uwanja mzima unalipuka. Mimi nauliza: alipopiga lile tobo alikuwa wapi na mwenzake alikuwa wapi? Kama mwenzake amesimama peke yake mbele ya goli anapunga mkono, lile tobo ni hasara. Kuna mtafiti wa Norway, Geir Jordet, amekaa miaka akihesabu jambo hili: viungo wa Ligi Kuu ya Uingereza hugeuza shingo mara ngapi kabla ya kupokea mpira. Wanaogeuza zaidi ndio pasi zao za mbele hufika zaidi. Ndiyo ile shingo ya seremala wangu. Haihitaji nyasi bandia wala mdhamini.

Chandimu mlichocheza utotoni kilikuwa kinafundisha hilo bila kocha. Mko wanne kwa wanne, magoli ya matofali, kiwanja kidogo kina mti katikati na mama anapita na ndoo. Usipoangalia pembeni unagonga mti. Tumewatoa watoto kule tukawapeleka kwenye uwanja mkubwa, tukawapanga 11 kwa 11, na tukawapigia kelele "piga mbele!" Na kelele zenyewe. Mtoto anapokea mpira, watu watano wazima wanamwambia cha kufanya, halafu jioni tunalalamika hawawezi kuamua.

Vijeba, wale waliozidi umri wanaochezeshwa na watoto, nitawapitia haraka, maana kila mtu anajua na kila mtu anakaa kimya. FIFA walianza kupima kifundo cha mkono kwa MRI, picha inayoonesha ukomavu wa mifupa, kwenye Kombe la Dunia la chini ya 17 la mwaka 2009. Mwaka 2017 sisi tulikwenda Gabon, fainali za Afrika za chini ya 17, kwa sababu Congo Brazzaville walishindwa kumpeleka mchezaji wao kwenye kipimo. Huko tukatoka sare na Mali walioibuka mabingwa, tukawafunga Angola. Raha iliyoje kufaidika na kipimo! Lakini sisi nao tuliwahi kuonja upande wa pili, tulipoondolewa fainali za vijana za 2005 kwa kosa hilohilo. Aliyempeleka kijeba kwenye mashindano ya shule anajidanganya kwamba ameiba kombe. Ameiba nafasi ya mtoto wa pale benchi mwenye umri halali. Na shinikizo linatoka juu. Mwalimu mkuu anataka kombe kabatini, diwani anataka picha, na ninyi mnataka kulala usingizi. Ndugu Afisa Michezo, hapa nakuomba wewe binafsi: mwalimu asihukumiwe kwa makombe. Muulizeni watoto wake wangapi bado wanacheza baada ya miaka mitano.

Muda unaniishia, na kesho tuna mchujo, kwa hiyo nimalizie na kazi.

Kesho hakuna 11 kwa 11 kabla ya saa nne. Tutaanza na wanne kwa wanne, viwanja vidogo, magoli manne, mawili kila upande, ili mtoto akikuta huku pamezibwa alazimike kuona kule. Mpira ni namba 4 kwa wa shule za msingi, nimekuja nayo. Dakika kumi za kwanza ninyi mtakaoteua mtamfuata mtoto mmoja mmoja asiye na mpira. Msiuangalie mpira kabisa. Ni vigumu, mimi mpaka leo macho yananikimbia. Akipoteza mpira, msimzomee, mwiteni pembeni mumuulize aliona nini. Mwingine atakujibu kwa maneno matatu na utagundua wazo lilikuwa sahihi, mguu ndio uliokosea. Mguu tunaurekebisha.

Kwenye fomu nimeongeza safu mbili. Moja ni mwezi wa kuzaliwa. Nyingine ni kimo cha baba na mama, kwa makadirio tu, mtoto aoneshe kwa mkono, inatosha kutuambia kama safari ya kurefuka bado ni ndefu. Safu ya "mwili" nimeifuta. Atakayeandika "mwili bado" nitamrudishia fomu yake.

Na wale mtakaowaacha, msiwape nauli warudi nyumbani mchana. Wapelekeni uwanja wa chini, ule wenye mwembe. Nitakuwa pale na filimbi yangu kuanzia saa nane, na nina jezi 22, zote ndogo.